Siku Tisa za Korongo

Mtu akikwambia kwamba Bi Msumari alikuwa na roho mbaya, mwambie akome. Hasira alikuwa nazo, tena za kugawia jirani na zikabaki, lakini roho mbaya hapana. Jina hilo alipewa na wenzake wa kituo cha pampu mwaka ule ule alipoajiriwa, siku fundi mmoja wa bomba alipobwata mbele ya watu kwamba mwanamke hawezi kuuzungusha usukani wa mlango wa maji. Alimsukuma yule fundi kwa bega, akaushika usukani wa chuma, akauzungusha mizunguko kumi na miwili bila kupumzika, kisha akamwambia, "Haya, mimi nimemaliza. Sasa wewe zungusha huo ulimi wako." Tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa ila mdogo wake wa kike, mshona nguo, aliyekaa naye nyumba moja.

Kazi yake ilikuwa hii. Juu ya mji kulikuwa na bwawa kubwa la matete, na kando ya bwawa ulipita mto. Kati ya mto na bwawa lilijengwa tuta, na katikati ya tuta ukawekwa mlango wa chuma unaopanda na kushuka kwa usukani. Ukiufungua, maji ya mto yanaingia bwawani, yanapenya kwenye matete na kuchujika, yanafika kwenye pampu, na watu mjini wanaoga na kupika bila kujua yametoka wapi. Ratiba ilibandikwa ukutani kibandani, karatasi iliyogeuka rangi ya chai: Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana, mizunguko kumi na miwili. Kibanda chenyewe kilikuwa na meza moja, viti viwili ambavyo kimoja kilisimamia miguu mitatu na tofali, birika, daftari la zamu, na dirisha lenye kioo kilichopasuka. Bi Msumari alikuwa amemaliza miaka ishirini na miwili ndani ya kibanda hicho, zamu ya asubuhi hadi saa saba.

Daftari la zamu lilikuwa la wakubwa. Kila mtu aliandika "hali ni shwari" na kuweka sahihi, hata siku ambayo hali haikuwa shwari hata kidogo. Watunza mlango wenyewe hawakulisoma. Wao walikuwa na tambaa. Tambaa jekundu, kipande cha pazia kuukuu, lililoachwa na mzee aliyewafundisha kazi. Likiwa limefungwa kwenye usukani, maana yake usiguse, hata ratiba iseme nini. Lisipokuwepo, fuata ratiba. Basi. Hakuna maelezo, hakuna maswali, na kwa miaka yote hiyo halikuwahi kumkosesha mtu.

Sasa korongo. Usinitajie wale wembamba weupe wanaofuata ng'ombe makundi makundi, hao kila mtu anawajua. Huyu alisimama akamfikia Bi Msumari kidevuni, na Bi Msumari hakuwa mfupi. Kichwa na shingo rangi ya kutu, mgongo wa kijivu, mdomo mrefu mnene uliochongoka mbele. Vitabuni huitwa kulastara, lakini kituoni hakuna aliyekuwa na haja ya jina la vitabuni. Alikaa na jike wake tu, bwawa zima, na korongo mwingine akithubutu kutua alifukuzwa kwa kelele ambazo hungesema ni za ndege. Alibweka. Ukisikia kwa mara ya kwanza ungedhani kuna mbwa mzee amekanyagwa mkia huko kwenye matete.

Watu walimwita mvivu, na neno hilo lilimuudhi Bi Msumari kuliko kutukanwa yeye mwenyewe. Mvivu! Ndege anasimama ndani ya maji ya mapajani saa nzima, hatikisi hata unyoya, jua linamchoma utosini, halafu kwa nukta moja shingo inafyatuka na samaki mkubwa kama mkono wa mtu yuko mdomoni. Kwa siku samaki wawili, watatu akibahatika. Na hapo bado hajala, kwa sababu samaki wa ukubwa huo hamezwi hivi hivi. Lazima ampeleke kwenye matete, amgonge, amgeuze, atangulize kichwa. Na ndipo furukombe, yule tai mwizi aliyekuwa amekaa juu ya mti amekunja mabawa tangu asubuhi, anashuka na kumpokonya. Bi Msumari aliwahi kumrushia furukombe kiatu. Kiatu kilizama, akarudi nyumbani na mguu mmoja peku, na mdogo wake akacheka mpaka akajichoma sindano.

"Ukampigania korongo," mdogo wake alisema, "wakati mimi ukinikuta nalia kwa jino unaniambia nisikupigie kelele."

"Wewe una mdomo wa kujisemea," alimjibu. "Tena mkubwa."

Kila mwaka, maji ya mto yakianza kupungua, wale wawili walijenga kiota kwenye kichaka cha matete mbele ya nguzo ya kipimo. Walilaza matete yakapishana, wakaongeza vijiti, kikawa kama kitanda cha mtu asiyejua kutandika. Kilikaa shibiri mbili tu juu ya maji. Mayai matatu, ya buluu iliyopauka. Dume na jike walipokezana kuyalalia, na huo ndio wakati Bi Msumari aliupenda. Mmoja anatua, ananyoosha shingo juu, mwenzake naye ananyoosha yake, wanagusana midomo, halafu aliyekuwa kiotani anaondoka pole pole na mwingine anakaa. Hawa hawakuwa na daftari, alisema moyoni, na hakuna aliyechelewa zamu akasingizia foleni.

Tatizo lilikuwa ratiba. Ukifungua mizunguko kumi na miwili kwa mkupuo, bwawa linapanda shibiri tatu kufikia jioni. Piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia yai la kwanza hadi kinda wa mwisho aruke, Bi Msumari alifunga tambaa jekundu kwenye usukani, na yeye mwenyewe kila asubuhi alifungua mizunguko mitatu tu, akafunga kabla ya kutoka. Maji yaliingia kidogo kidogo, pampu zilishiba, mji uliendelea kuoga, na kiota kikabaki kikavu. Hakuna aliyepata hasara. Na hakuna aliyejua, kwa sababu hakumwambia mtu.

Hakumwambia mtu kwa kuwa aliwahi kumwambia mtu. Miaka saba nyuma alimnong'oneza dereva wa kituo, mtu mpole, mtu wa sala. Baada ya wiki palikuwa na watu kumi na nne juu ya tuta wakipiga picha, wengine wamebeba watoto mabegani, mmoja anawarushia ndege mkate. Korongo jike alitoka kwenye mayai asubuhi akakosa nafasi ya kurudi hadi jua likapinduka. Mayai yakaiva kwa jua kiotani. Bi Msumari aliwafukuza wale watu kwa fagio, akamnyima dereva salamu kwa miaka miwili, na akajiapia kwamba ng'o, hakuna binadamu atakayesikia tena kutoka kinywani mwake kuna nini kwenye yale matete.

Na wa mwisho kabisa kuambiwa angekuwa Kasuku. Kasuku ndiye aliyeshika zamu ya mchana, kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye meno ya kucheka muda wote. Jina linajieleza. Alikuwa akiongea akifungua mlango wa kibanda na akiongea akiufunga, aliongea na pampu, aliongea na birika. Mke wa nani kagombana na nani, nani kanunua friji, nani friji yake ni ya kukopa, vyote ulivipata kwa Kasuku kabla chai haijapoa. "Yule hana kifua," Bi Msumari alimwambia mdogo wake. "Ukimwambia siri umeipigia tarumbeta." Kwa hiyo miaka mitatu walipokezana usukani na asilani hakumweleza tambaa lilikuwa la nini. Kasuku naye hakuuliza. Aliliona limefungwa, aliuacha usukani. Alikuta halipo, alifuata ratiba.

Mwaka huo makinda walikuwa watatu na wote wakapona. Walikuwa wabaya wa sura, Mungu anisamehe, manyoya yamesimama kama ya mswaki uliochakaa, midomo mikubwa kuliko busara. Walikuwa wamefika wiki ya tano. Umri huo wazazi hawakai tena kiotani. Wote wawili wanakwenda kuvua, maana midomo mitatu haishibi, na makinda wanabaki peke yao saa nyingi, na jua likiwa kali wanajilaza chini kabisa ndani ya matete, shingo zimenyooka, huwezi kuwaona hata ukisimama karibu. Bi Msumari alikuwa amewalea, kwa macho, makinda wengi. Alijua hawa walibakiza siku tisa. Siku tisa, kisha wangesimama ukingoni, wangepiga mabawa, na anayetaka mafuriko ayalete.

Ijumaa hiyo, saa sita na nusu mchana, Meneja mpya alipanda tuta. Kijana wa ofisini, viatu vya kung'aa, angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa. Aliitazama nguzo ya kipimo, akakunja uso.

"Mama, hili bwawa mbona liko kwenye alama ya nne?"

"Liko pazuri."

"Ratiba inasema alama ya sita kila Ijumaa jioni. Jumatano tuna wageni kutoka makao makuu. Wanataka kuliona bwawa limejaa, wapige picha. Huu usukani umefungwa tambaa la nini?" Na akaunyooshea mkono.

Ebo! Hapo ndipo moto ulipompanda. Miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyewahi kugusa usukani wenye tambaa, na huyu, ambaye hata hajui mto unatokea upande gani, ananyoosha mkono kama anachukua biskuti. Bi Msumari aliruka mbele yake. Akafungua fundo kwa meno, akalichomoa lile tambaa, akampepea nalo usoni mpaka yule kijana akarudi nyuma hatua mbili.

"Unaliona hili? Unaliona? Hili tambaa lina akili kuliko ofisi yako nzima! Mle ndani kuna makinda watatu. Watatu! Bado siku tisa waruke. Ukifungua leo unawazamisha, na nitakwenda kuwaeleza hao wageni wako mmoja mmoja kwamba hayo maji wanayoyapiga picha yana maiti!"

"Mama, tulia..."

"Usiniambie nitulie! Mji umekosa maji? Nakuuliza, nani amekuja kwako na ndoo tupu? Hakuna! Pampu zinakunywa kila siku na zinashiba. Unataka picha? Kapige picha ya choo cha wafanyakazi, tuone kama watapenda!"

Mafundi wawili waliokuwa wakipaka grisi kwenye pampu waliacha kazi wakasikiliza. Meneja alitazama matete, akatazama saa yake, akatazama viatu vyake. Labda aliona aibu, labda aliogopa. Mwishowe akainua mikono.

"Haya. Siku tisa. Wageni nitawapeleka kwenye pampu mpya badala ya hapa. Umeridhika?"

"Sijaridhika, nimekusikia," alisema Bi Msumari.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Alikuwa ameshinda. Mtu mwingine angekaa chini, angekunywa maji, angemngoja Kasuku. Yeye hasira zilikuwa bado hazijashuka. Machozi ya ghadhabu yamemlenga, na hakutaka mafundi wayaone. Alijifuta uso kwa lile lile tambaa, akalisokomeza kwenye mfuko wa aproni, akachukua kikapu chake, akaandika "hali ni shwari" kwa kalamu iliyotoboa karatasi, na akaondoka dakika kumi kabla ya zamu kwisha, akiwasema wakubwa wote wa dunia njia nzima. Meneja naye alirudi ofisini na hakumwambia mtu. Na usukani ukabaki mtupu.

Saa saba Kasuku aliingia. Saa nane alifungua mizunguko kumi na miwili, kama ratiba inavyosema.

Jumamosi asubuhi Bi Msumari alijua kabla hajafika. Korongo dume alikuwa anabweka, na si ile ya kufukuza mgeni. Ilikuwa mfululizo, bila kupumua. Alipanda tuta mbio na kikapu chake. Nguzo ya kipimo ilisoma alama ya saba. Mahali pa kiota palikuwa na maji matupu na vijiti viwili vikizunguka. Kinda mmoja alikuwa amenasa kwenye matete, kichwa chini. Wa pili alielea karibu na wavu wa pampu, mabawa yametandazwa, yale mabawa ambayo siku chache mbele yangembeba. Wa tatu hakumwona popote. Dume alisimama pale pale, majini, mdomoni ana samaki mzima. Alikuwa hamgongi, hammezi. Amemshika tu. Furukombe aliposhuka kumchukua, hakumpigania.

Bi Msumari hakulia. Alivua viatu, akaingia majini hadi kifuani, akawatoa wale wawili, akawafukia nyuma ya kibanda kwa mikono na kipande cha bati. Kisha akaenda kumtafuta Kasuku.

Zamu ya Kasuku ilikuwa bado haijafika, lakini Jumamosi wafanyakazi wote walipokea sabuni na glavu uani, na alikuwepo, katikati ya watu, anasimulia jambo huku akicheka. Bi Msumari alimkamata kola.

"Muuaji! Umeona tambaa ukafungua! Ulitaka kumfurahisha Meneja, si ndiyo? Ulitaka sifa!"

"Dada, tambaa gani? Hakukuwa na tambaa."

"Mwongo!"

"Naapa! Nilipofika usukani ulikuwa mtupu. Nikasema moyoni..."

"Funga domo lako! Tangu lini wewe una moyo? Una mdomo tu! Miaka mitatu nakusikiliza takataka zako, na jambo moja tu, kutogusa, limekushinda!"

"Dada, nisikilize kwanza, mimi nilidhani..."

"Hukudhani! Hujawahi kudhani!"

Watu walisogea kusikiliza. Meneja alitoka. Yeye alikuwa na sababu zake za kutafuta mtu wa kubebeshwa, maana alikuwa ameahidi siku tisa mbele ya mafundi wawili. Aliuliza kama kweli kuna utaratibu wa tambaa. Mafundi wakasema upo, tena tangu zamani. Aliuliza kama jana mchana tambaa lilikuwepo. Mafundi wakasema walimwona Bi Msumari nalo kabisa. Basi. Kasuku alipewa barua ya kusimamishwa kazi hapo hapo, kwa kupuuza alama ya usalama. Palihitajika sahihi ya shahidi. Bi Msumari aliikwapua kalamu akasaini.

Kasuku aliipokea ile barua, akaikunja mara nne. Alifungua mdomo, akamtazama Bi Msumari, akaufunga. Akaondoka na sabuni yake mkononi.

Jumapili ilikuwa siku ya kufua. Bi Msumari alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kikombe cha chai kilichopoa, bado anamtukana Kasuku kimya kimya, akitafuta neno ambalo alilisahau jana. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, anakagua mifuko kabla ya kuloweka, kama fundi wa nguo anavyozoea.

"Msumari, wewe nawe. Ungenichafulia nguo zote kwa rangi. Hili dude jekundu la nini?"

Alilishika kwa ncha ya vidole. Lilikuwa limekauka likakunjamana, na alama za meno kwenye pembe.

Bi Msumari alilitazama. Mdogo wake alimwita, akamwita tena. Kisha alisimama, mikono inachuruzika povu, akamuuliza kama anaumwa.

"Ni mimi," alisema Bi Msumari.

"Wewe nini?"

"Nimewaua mimi."

Hakubadilisha nguo. Alilichukua tambaa, akatoka na kandambili za kuogea.

Kasuku alikaa nyuma ya ghala la mbao, vyumba viwili, na mama yake mzee aliyekuwa haoni vizuri. Bi Msumari hakuwahi kufika pale. Alimkuta ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, anamkata mama yake kucha za miguu, pole pole, amekishikilia kisigino chake juu ya goti. Yule mzee aliinua uso.

"Nani huyo?"

"Ni mtu wa kazini, mama," alisema Kasuku. Hakumkaribisha kiti. Alimaliza ule mguu, akaufuta, akauvisha soksi, ndipo akainuka na kutoka naye hadi kwenye ukuta wa ghala.

Bi Msumari alikuwa amepanga maneno njia nzima na yote yakampotea. Alimnyooshea tambaa.

"Lilikuwa mfukoni mwangu. Nilimpigia nalo kelele Meneja, nikaondoka nalo. Hukusema uongo. Mimi ndiye niliyeuacha usukani mtupu."

Kasuku hakulipokea. Hakuongea. Huyu ambaye aliongea hata na birika, alisimama akamtazama tu, na Bi Msumari akaona afadhali angetukanwa.

"Sema kitu," alimwambia.

"Jana nilitaka kusema. Ulinikataza."

"Sema sasa."

"Mimi nilikuwa nawajua, dada." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu mwaka wangu wa kwanza. Unadhani mchana kutwa natazama nini kwenye kile kibanda, ukuta? Nilimwona jike akilalia. Nikaona tambaa linafungwa yai likitoka na kufunguliwa makinda wakiruka, nikaelewa. Nikasema huyu mama hataki watu wajue, nami sitajua. Sikumwambia fundi. Sikumwambia huyu mama yangu, ambaye namwambia mpaka nimekula nini."

Bi Msumari aliushusha mkono wenye tambaa.

"Ijumaa nilifika, hakuna tambaa. Nikaenda mpaka kwenye nguzo nikatazama. Sikuona kichwa hata kimoja. Wazazi hawapo, makinda hawaonekani. Nikasema, wameruka! Wameruka mapema mwaka huu! Nilifurahi, dada. Nilisema leo Bi Msumari ameenda nyumbani na furaha, ndiyo maana hata hakuningoja. Nilizungusha ule usukani naimba."

"Walikuwa wamelala chini," alisema Bi Msumari. "Jua likiwa kali wanalala chini."

"Hilo sikulijua. Nani angenifundisha?"

Alilikunja tambaa kiganjani. Miaka mitatu, dakika tano tano za kupokezana zamu, birika moja, na hakuwahi kumwambia hata neno moja. Alitafuta hasira zake zilizomsaidia maisha yote na hazikuwa na mtu wa kwenda kwake.

"Nisamehe," alisema. Ilitoka vibaya, kama mtu anayesoma lugha asiyoijua. "Kesho asubuhi nitaingia ofisini kwa Meneja, nitafunga mlango, nitamweleza yote. Barua yako itafutwa."

"Hapana," alisema Kasuku.

"Hutaki?"

"Ofisini, hapana. Na mlango usifunge." Sasa Bi Msumari alimwona kwa mara ya kwanza mtu huyu akiwa na hasira. "Uliniita muuaji uani, kola mkononi, watu wote wapo. Wafagiaji walisikia. Dereva alisikia. Jana jioni muuza duka alimuuliza mama yangu nimeua nani. Basi kesho usimame pale pale uani, watu wakikusanyika, na haya uliyoniambia hapa uyaseme kwa sauti ile ile."